Wimbo Mmoja au Nyimbo Mbili? Bo Diddley na Dawn Penn katika Mizani ya Wasikilizaji

Wapenzi wa muziki wakusanyao sahani za santuri za zamani wana mchezo mmoja wasiouchoka. Mmoja wao hupiga wimbo wa reggae unaojulikana na kila mtu. Akisha, mwenziwe hutoa sahani ya Kimarekani isiyojulikana sana, iliyotangulia kwa miaka kumi au zaidi, akaipiga. Waliohudhuria hutazamana, na hapo ubishi huanza: je, huyu wa pili kamwibia wa kwanza, au wote wawili wamechota katika kisima kimoja? Mfano ulio bora wa ubishi wa namna hii ni ule unaoulinganisha wimbo wa Dawn Penn wa Jamaica, "You Don't Love Me", yaani "Hunipendi", na wimbo wa Bo Diddley, "She's Fine, She's Mine", yaani "Ni Mzuri, Ni Wangu". Wabishi wenyewe hudhani kwamba wanazungumzia muziki tu. Lakini swali wanaloligusa ni swali la kale la fasihi: mtunzi ni nani, na utunzi wake umo katika kitu gani?

Wimbo wa Bo Diddley, ambaye jina lake rasmi lilikuwa Ellas McDaniel, ulitolewa na kampuni ya Checker ya Chicago mwaka 1955, rock ilipokuwa ingali changa. Uliwekwa upande wa pili wa sahani iliyobeba "Diddley Daddy", na upande wa pili aghalabu ulikuwa wa kujaziliza. Ndiyo maana hata wampendao Diddley wengi hawaujui. Mwaka 1960 Willie Cobbs, mzaliwa wa Arkansas, alirekodi mjini Memphis wimbo ulioitwa "You Don't Love Me", wenye malalamiko yale yale na mkariri wa gitaa ulio ndugu wa ule wa Diddley. Kisha mwaka 1967, katika Studio One ya Clement "Coxsone" Dodd mjini Kingston, Dawn Penn, aliyezaliwa mwaka 1952 na hivyo angali msichana mdogo, akauimba kwa sauti yake. Alipourekodi tena pamoja na watayarishaji Steely na Clevie, ulifika nafasi ya tatu katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza mwaka 1994. Yafaa kuongeza kwamba ile sahani ya 1967, kwa kusema kweli, ni ya mtindo wa rocksteady uliotangulia reggae. Neno reggae lenyewe halikuingia katika majina ya sahani mpaka mwaka 1968. Washikilia majina watasamehe ikiwa hapa jambo hilo halitapewa uzito zaidi.

Ni kwa njia gani wimbo wa Memphis ulifika Kingston? Katika miaka ya hamsini muziki wa Wamarekani weusi ndio uliochezwa katika madansi ya Jamaica, na uliletwa na watu kama Dodd mwenyewe, ambaye alikwenda Marekani kufanya kazi za mashambani na kurudi na sahani. Wenye mitambo ya kupigia muziki, yenye vipaza sauti vikubwa kama makabati, walishindana vikali. Mwenye sahani asiyokuwa nayo mwingine ndiye aliyevuta watu. Kwa hiyo walizoea kuikwangua karatasi ya katikati ya sahani, ili mpinzani asisome jina la wimbo wala la mwimbaji. Wimbo "Later for the Gator" wa mpiga saksafoni Willis Jackson uliwahi kupigwa na Dodd kwa jina la "Coxsone Hop", na mpinzani wake Duke Reid alihangaika muda mrefu kabla ya kuung'amua. Wabishi wa leo husahau desturi hii. Asili za nyimbo hizi hazikupotea kwa bahati mbaya. Zilifutwa kwa ukucha na kisu, kwa sababu za biashara. Mpenzi wa muziki anayetafuta sahani ya kwanza anarudisha kile kilichokwanguliwa, na kwa kazi hiyo anastahili shukrani.

Ila namna anavyolinganisha ndiyo yenye kasoro. Kambi ya kwanza husikiliza maneno, husikiliza mkariri wa gitaa, ikaona vinafanana, ikatoa hukumu: wizi. Hii ni mizani ya mahakama, si ya uhakiki. Sheria ya hakimiliki hupima maneno na lahani, vitu viwezavyo kuandikwa karatasini, mdundo haumo. Na hapa kuna kinaya ambacho wabishi hawakioni. Bo Diddley mwenyewe aliumizwa na mizani hiyo hiyo. Mdundo unaoitwa kwa jina lake ulichukuliwa na waimbaji wengi, miongoni mwao Buddy Holly katika "Not Fade Away" ya mwaka 1957, naye hakuweza kuwadai, kwani sheria haikuutambua mdundo kuwa mali ya mtu. Anayemtetea Diddley kwa kuhesabu maneno anatumia kipimo kilichomnyima Diddley sehemu kubwa ya ubunifu wake. Tena kambi hii humruka Cobbs kana kwamba hakuwapo, ilhali jina la wimbo wa Penn ni lile la Cobbs.

Kambi ya pili husema kwamba katika blues hakuna wizi, kwa kuwa mafungu ya maneno yalizunguka kutoka kinywa hadi kinywa bila mwenyewe. Hilo ni kweli kwa kiasi. Walakini likishikiliwa mno, hugeuka kisingizio cha kutosikiliza, maana kama kila kitu ni cha wote, hakuna haja ya kuuliza kila mmoja alifanya nini.

Basi na isikilizwe tofauti. Jina la wimbo wa Diddley ni tangazo la umiliki, lakini anayeimba anajua fika kwamba hapendwi. Mvutano huo kati ya jina na maneno ndio uhai wa wimbo: mwanamume anadai kuwa na kitu ambacho tayari kimemponyoka, na gitaa linarudia fungu moja kama mtu anayejisisitizia jambo asiloliamini. Kwa Penn, umiliki umeondoka kabisa. Msemaji sasa ni msichana. Hadai kitu, bali yu tayari kufanya lolote, hata kupiga magoti. Maneno machache yale yale, yakitoka katika kinywa kingine, yamebadili dhamira. Kilichokuwa lawama kimekuwa maombolezo. Wala si maombolezo ya mnyonge tu, kwa maana ule mkano anaourudia tangu mwanzo humfikia msikilizaji kwa namna mbili: kama kilio cha asiyekubali kuachwa, na kama kukataa kwa mtu aliyekwisha kuujua ukweli. Uimbaji wake haupandi wala haushuki sana. Anaacha nafasi, na katika nafasi hizo gitaa la besi ndilo linalosema, huku gitaa dogo likikatwa kwa mkato mfupi baina ya mapigo. Kwa Diddley gitaa ni mwenza wa sauti. Kwa Penn besi ndiyo ardhi ambayo sauti inatembea juu yake. Hakuna hakimu awezaye kuandika hayo katika hukumu, lakini sikio la kawaida huyatambua mara moja.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili ana chombo cha kumsaidia hapa. Katika takhmisi, mshairi huchukua mishororo ya mwenziwe aliyetangulia na kuitangulizia mitatu yake, kama Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyofanya kwa tungo za Fumo Liyongo. Mishororo ya asili haiguswi, ila maana yake hubadilika kwa kuwekwa mwisho wa fikira nyingine. Hakuna aliyemwita Sayyid Abdalla mwizi. Kadhalika, watu wa Mombasa walimsikiliza Juma Bhalo akiimba mashairi ya Kiswahili kwa lahani za filamu za Kihindi, na waliozijua filamu hizo walifurahi maradufu. Alichofanya Penn ni cha jamii hiyo.

Hata hivyo mfano huo una mpaka, na mpaka wenyewe ndio unaoipa kambi ya kwanza haki yake. Mtunga takhmisi hamfichi aliyetangulia. Sifa ya kazi yake yategemea msomaji kumjua. Sahani ya Kingston ilitoka katika biashara iliyozoea kukwangua majina, na kwa miaka mingi msikilizaji hakuwa na njia ya kujua kwamba kuna Cobbs nyuma ya Penn, na Diddley nyuma ya Cobbs. Kosa hilo halimo katika sanaa ya msichana aliyeimba. Limo katika karatasi ya katikati ya sahani, na katika fedha zilizofuata karatasi hiyo. Majina ya McDaniel na Cobbs yaliongezwa baadaye katika orodha ya watunzi, wimbo ulipokwisha kuingia katika masoko makubwa.

Toleo la 1994 lenyewe laonyesha kwamba Wajamaika wajua pia kutaja jadi yao wanapotaka. Limefunguliwa kwa sauti ya U-Roy, iliyochukuliwa katika sahani yake ya mwaka 1970, na msikilizaji wa Kingston hakuhitaji kuambiwa ni nani. Mwaka 2005 Rihanna wa Barbados naye aliurekodi wimbo huu, na kwa vijana wengi yeye ndiye wa kwanza, mpaka siku watakapopigiwa sahani ya Penn na kutazamana. Orodha ya watunzi imerefuka, lakini hata sasa haina jina la aliyepiga besi mwaka 1967.