Uzuri wa Mkakasi

Kwa miaka mingi chuoni nilikagua mazoezi ya ualimu, na mara nyingi darasa lililopambwa kumpokea mkaguzi lilikuwa na madaftari yasiyosahihishwa. Leo nakagua kazi ya namna nyingine: usafishaji wa alumini katika injini za magari ya zamani.

Watu wa rika langu wanaikumbuka Peugeot 404, gari ambalo Bert Shankland alishindia mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967. Bloku ya injini yake ni chuma, bali silinda hedi ni alumini. Yangu ilipozeeka hapa Getanuwas, nilimwambia fundi, "Mwanangu, nataka hedi ing'ae." Alinitii. Aliichovya katika kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, ikatoa mapovu. Kisha akaisugua kwa msasa, hata ule uso unaokalia gasketi. Majirani waliisifu. Mwezi haukwisha, tukiwa njiani kwenda Katesh na mama watoto akiwa mgonjwa, maji yalipenya kwenye oili, ikawa kama chai ya maziwa. Tulilala porini. Alipona, lakini usiku ule sijausahau.

Rangi ile ya kijivu iliyofifia si uchafu. Alumini ikiguswa na hewa hujivika utando mwembamba unaoilinda. Kostiki soda huuvua utando huo, kisha huila alumini yenyewe. Mapovu yale ni haidrojeni. Msasa wa mkono nao hula zaidi pembeni, na uso usionyooka hauwezi kubana gasketi.

Kazi njema ni ya kimya: mafuta ya taa na brashi laini, maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kukausha vizuri, kubandua gasketi ya zamani kwa kijiti badala ya bisibisi, na mwisho kupima uso kwa rula ya chuma iliyonyooka. Hedi hutoka imefifia vilevile, wala hakuna wa kuipigia makofi.

Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hata hivyo fundi yule simpi alama mbaya. Mwanafunzi hujibu swali aliloulizwa. Mimi, mwalimu wa walimu, niliuliza kama itang'aa. Sikuuliza kama itatufikisha.