Hesabu ya Utitiri: Jinsi Nyuki wa Kenya Walivyopimwa Nchi Nzima

Mwaka 2010 kundi la watafiti lilizunguka maeneo 24 ya Kenya likifungua mizinga, likihesabu nyuki na kuchukua sampuli. Matokeo yalichapishwa Aprili 2014 katika jarida la PLoS ONE. Mwandishi wa kwanza alikuwa Elliud Muli, akishirikiana na wenzake wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani. Katika yote waliyoyapata, moja linamgusa mfugaji wa Kibirichia moja kwa moja: kadiri ardhi inavyopanda, ndivyo utitiri wa varroa unavyoongezeka ndani ya mizinga.

Kibirichia iko juu, ubavuni mwa Mlima Kenya upande wa kaskazini, mahali pa viazi na baridi. Ukiteremka kuelekea Isiolo, unaingia nchi kavu iliyo kwenye mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Zaidi ya hapo ni kaskazini ya mbali, ambako upime wa 2010 haukukuta utitiri huo. Kwa hiyo mteremko huu mmoja unaunganisha hali mbili ambazo watafiti walilazimika kuzifuata nchi nzima. Ndiyo maana naona inafaa kuchambua kazi hiyo ilivyofanywa, ilichofaulu kuonyesha na kile ambacho haikuweza kukiona.

Kwanza mdudu mwenyewe. Varroa destructor ni mdogo, upana wake hauzidi milimita mbili, mwekundu wa kahawia, bapa kama kaa. Asili yake ni nyuki wa Asia, ambao wamezoeana naye kwa muda mrefu. Alipohamia nyuki wetu wa jamii ya Apis mellifera, mambo yalibadilika. Jike huingia kwenye chumba cha sega muda mfupi kabla nyuki hawajakiziba kwa nta, humla jana aliyemo, hutaga humo humo, na nyuki akitoka, wadudu wapya hutoka naye. Pamoja na kula, husambaza virusi. Huko Ulaya na Marekani, kundi lisilotibiwa mara nyingi hufa. Afrika Kusini ilimgundua mwaka 1997. Kenya na Tanzania zilimgundua mwanzoni mwa 2009, na mwaka mmoja tu baadaye upime wa nchi nzima ukaanza. Kasi hiyo inastahili sifa. Nchi nyingi husubiri mizinga ibaki mitupu ndipo zianze kutafuta sababu.

Lakini sifa kubwa zaidi naiona kwenye mpango wa kazi. Ingekuwa rahisi kwenda na swali moja, utitiri upo au haupo, kisha kurudi na ramani yenye alama nyekundu. Ramani ya namna hiyo ingeuza dawa nyingi. Watafiti hawa walipima mambo kadhaa pamoja: ukubwa wa makundi, utitiri, kimelea cha nosema, virusi, mabaki ya viuatilifu, na tabia ya usafi ya nyuki wenyewe. Kwa sababu hiyo waliweza kuuliza swali analouliza kila mfugaji: mdudu huyu, kwa kuwapo kwake, anapunguza kundi langu?

Kuhesabu utitiri si kazi ya maabara peke yake. Njia iliyoenea, na ambayo kikundi chochote cha wafugaji kinaweza kuifanya, hutumia sukari laini ya unga. Unachukua fremu yenye majana, unahakikisha malkia hayumo, unakung'utia nyuki kwenye beseni, unachota nusu kikombe, yaani nyuki wapatao 300, na kuwatia kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu. Unaongeza vijiko viwili vya sukari, unaizungusha chupa polepole, unangoja dakika moja au mbili, kisha unatikisa chupa juu ya sinia jeupe. Utitiri hupoteza mshiko na kudondoka. Nyuki hubaki hai na kurudishwa mzingani. Ukipata utitiri tisa kwa nyuki 300, hiyo ni tatu kwa mia. Hapa mfugaji wa Kiafrika aangalie jambo moja: nyuki wetu ni wadogo kuliko wa Ulaya, hivyo nusu kikombe hicho hicho hubeba nyuki wengi zaidi. Mwanzoni hesabu nyuki wote wa kikombe kimoja, la sivyo asilimia yako itapotoka.

Aina ya mzinga nayo huamua nani atapimika. Mzinga wa fremu au wa viunzi vya juu hufunguka, ukatoa sega na kulirudisha. Mzinga wa gogo uliotundikwa mtini, ambao bado upo katika sehemu nyingi za Meru na Tharaka, haukupi nafasi hiyo; kulitazama jana ni lazima ukate sega. Ukiongeza ukali wa nyuki wetu, utaelewa kwa nini sampuli za upime wa Afrika zinaweza kuelemea mizinga ya kisasa. Hilo linafaa kukumbukwa kila tunaposoma wastani wa taifa.

Virusi vina taabu yake. Chembe zao za urithi huharibika upesi kwenye joto, kwa hiyo sampuli lazima zibaki kwenye baridi kali au kwenye kimiminika cha kuzihifadhi tangu shambani hadi maabara. Virusi saba vinavyojulikana sana Marekani na Ulaya vilitafutwa. Vitatu tu vilipatikana, kikiwemo kile kinachopinda mabawa ya nyuki. Navyo, kama utitiri, havikuonekana kaskazini. Palipokuwa na utitiri mwingi, aina za virusi nazo zilikuwa nyingi. Nosema apis ilipatikana maeneo matatu ya pwani na moja la bara.

Kuhusu viuatilifu, vilipatikana vichache, tena kwa viwango vya chini. Ulinganisho na Marekani unasema mengi. Utafiti uliochapishwa huko mwaka 2010, ukiwahusisha baadhi ya watafiti wa Pennsylvania walioshiriki pia katika kazi ya Kenya, ulikuta asilimia 98 ya sampuli za nta zina mabaki ya dawa mbili za kuua varroa. Dawa hizo ziliwekwa mizingani na wafugaji wenyewe. Nta ni mafuta, hunyonya dawa na kuitunza miaka mingi, na sega likiyeyushwa na kutengenezwa upya, sumu husafiri nalo. Mizinga ya Kenya ilikuwa na mabaki machache, pengine kwa sababu hatukuwa tumeanza desturi hiyo. Nalitaja hili kwa msisitizo kwa ajili ya Kibirichia, ambako mkulima wa viazi hupiga dawa ya bakajani mara kwa mara msimu wa mvua. Matokeo ya maeneo 24 hayawezi kuthibitisha usalama wa kila shamba lililo jirani na mizinga.

Kisha lile tokeo lililowashangaza wengi. Makundi yenye utitiri hayakuwa madogo kuliko yasiyo nao. Makundi yaliyoonyesha tabia kali ya usafi, yaani yale ambayo vibarua wake hufumua haraka chumba chenye jana mgonjwa au mfu na kumtoa nje, yalikuwa na utitiri mchache. Watafiti wakatoa uamuzi ulio wazi: kwa wakati ule, dawa za varroa na nosema hazikuhitajika Kenya. Naukubali uamuzi huo, na naona ulikuwa wa kijasiri, kwa kuwa mfugaji anayeambiwa ana mdudu hutaka chupa ya dawa mkononi. Ukitibu kila kundi, unaokoa pia makundi dhaifu, na ule uwezo wa kuzaliwa nao unapungua kizazi baada ya kizazi. Isitoshe, kipimo cha tatu kwa mia kinachotumiwa Marekani kuamua kutibu kilitokana na nyuki wengine na mazingira mengine.

Tahadhari mbili lakini. Ya kwanza ni ya mwinuko. Mambo mawili kupanda pamoja hakuonyeshi lipi limesababisha lipi. Huku juu kuna baridi na unyevu, lakini pia kuna mizinga iliyosongamana, na nyuki wenyewe si wale wa nyanda za chini: utafiti wa mwaka 2017 uliosoma jenomu za nyuki 39 wa Afrika Mashariki ulionyesha kwamba nyuki wa milimani hutofautiana na wa savana hasa katika vipande viwili vikubwa vya kromosomu. Lipi kati ya hayo linampa utitiri nafasi? Upime wa mara moja hauwezi kujibu. Kupima mizinga ileile kutoka Kibirichia hadi Isiolo, mvua na kiangazi, kungesogeza jibu karibu.

Ya pili ni nzito zaidi kwangu. Upime wa mara moja hufungua mizinga yenye nyuki, kwa hiyo huwaona waliobaki. Kundi lililokufa miezi sita iliyopita halimo kwenye sampuli. Na nyuki wetu wana desturi ya kuhama wakibanwa na njaa, siafu, nondo wa nta au moshi wa mrinaji mkali. Mzinga mtupu hausemi kama kundi liliondoka au liliangamia. Wiki chache baadaye bumba jipya huingia, na mtafiti akifika anakuta mzinga umejaa. Katika hali hiyo hasara inaweza kufichika kabisa. Watafiti wenyewe waliiita kazi yao msingi wa kulinganishia siku zijazo, na walisema athari hazijaonekana bado. Neno hilo "bado" ndilo linalotudai upime wa kurudiwarudiwa.

Nyenzo zimeongezeka tangu wakati huo. Mwaka 2014 icipe ilizindua Nairobi maabara ya rejea ya afya ya nyuki kwa Afrika, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Tunachokosa ni kumbukumbu za mizinga kutoka vijijini, na hizo hazihitaji maabara.

Wafugaji wa Kibirichia, chagueni mizinga kumi ya kikundi chenu na muipe namba. Kila mwanzo wa mvua na kila mwanzo wa kiangazi pimeni kwa sukari, andikeni idadi ya utitiri, masega yenye nyuki, tarehe kundi lilipoingia na tarehe lilipotoka. Msitie dawa ya varroa kwa kuuona tu utitiri kwenye sinia. Msiteremshe makundi kwenda Isiolo na kaskazini kabla ya kuyapima. Nakala ya daftari hilo ifikishwe kwa afisa wa mifugo wa kaunti, naye adai nafasi ya Kibirichia katika upime ujao wa taifa.