Swali la Pembeni

Daftari la mahudhurio husomwa kwa namna mbili. Mwalimu wa darasa hujumlisha waliopo na wasiokuwepo, akapeleka idadi ofisini, akaendelea na kipindi. Mwalimu wa malezi na unasihi hupitisha kidole kwenye mstari wa mtoto mmoja tangu Januari. Anayekosa Jumatatu tu ana habari yake, na aliyepotea wiki mbili mfululizo kisha akarudi ana yake. Anayechelewa kila siku kwa dakika zilezile huenda kuna kazi anaimaliza kwanza. Kwa shule iliyo jirani na Soko la Majengo, Dodoma, kazi hiyo yaweza kuwa kupanga mafungu ya nyanya pamoja na mama kabla wateja hawajajaa, au kuwabebea watu mizigo kwa ujira wa shilingi chache.

Hata mwezi husema kitu. Ukanda huu wa kati una msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na mtama na uwele huvunwa mvua zikishakatika. Ikifika Februari chakula cha mwaka jana kimekwisha katika nyumba nyingi vijijini, na ndugu zao wa mjini waliozoea kuletewa gunia wanaanza kubana. Mtoto akisinzia darasani saa nne asubuhi mwezi huo, mwenye ujuzi humuuliza jana walikula nini kabla ya kumwita mvivu. Akisinzia hivyo Julai, atamuuliza kitu kingine.

Kazi yenyewe haina mwenyewe mmoja. Waraka wa Elimu Namba 11 wa mwaka 2002 ulitaka shule ziwe na huduma za malezi, ushauri na unasihi, na kwa kawaida mzigo huo huangukia mwalimu ambaye bado ana vipindi vyake vya hisabati au Kiswahili na madaftari ya kusahihisha. Nje ya geti yupo afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mezani kwake masuala ya shule yamechanganyika na madai ya matunzo, magomvi ya ndoa na wazee waliotelekezwa. Nchi ina taasisi ya kuwafundisha watu wa fani hii tangu 1973, Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Dar es Salaam. Lakini vitabu vyao hudhani kuna chumba chenye mlango unaofungika, na shule nyingi za serikali hazina chumba cha ziada hata cha kuhifadhia mipira.

Kwa hiyo mwalimu na mtoto wanakaa chini ya mwarobaini. Ukitazama kwa makini utaona kwamba benchi halikuwekwa pale kwa bahati. Liko mahali ambapo uwanja mzima unawaona na hakuna anayewasikia. Mtu mzima aliyejifungia stoo na mtoto huzua maneno, na wakikaa karibu na dirisha la ofisi mtoto hatafungua kinywa. Halafu hawatazamani. Wanakaa ubavu kwa ubavu, macho uwanjani, na mwalimu ana daftari la kusahihisha mapajani ili mpita njia adhani ni mambo ya somo. Mpangilio huo mdogo naustahi kuliko vyeti vingi vilivyotundikwa ukutani.

Kisha anauliza, na hapo ndipo penye ufundi wote. Mtu wa kawaida huuliza, "Una tatizo gani?" Mtoto hujibu, "Hamna," na ana haki, kwa sababu swali lile linamtaka awashtaki watu anaolala nao nyumba moja. Fundi huanzia pembeni. Huuliza mambo ambayo jibu lake halimchongei mtu: nani hukuamsha asubuhi, kitandani mnalala wangapi, ufunguo anabaki nao nani. Mazungumzo huweza kwenda hivi:

"Jana usiku nani alipika?"

"Dada."

"Na leo asubuhi mmekunywa chai?"

"Dada hayupo."

Mimi ningerukia hapohapo: kaenda wapi, lini, na nani? Yeye anatia alama ya vema kwenye daftari, anafungua ukurasa mwingine, anangoja. Ukimya wa mtoto wa miaka tisa una urefu wa kutesa. Akiuvunja mtu mzima, mtoto atajibu kile anachodhani kinatakiwa. Akivumilia, huenda sentensi ikaja yenyewe: "Kaondoka na begi." Sasa pana mahali pa kuanzia, na hakuna aliyelazimishwa kumtaja yeyote.

Haya yote hayawezekani kwa mtu mwenye fimbo mkononi. Kanuni za nchi bado zinaruhusu viboko shuleni, visizidi vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha, na viandikwe kitabuni. Naona anayepewa unasihi aondolewe kabisa kwenye kazi hiyo. Mtoto hakumbuki kanuni. Anakumbuka mkono.

Kwenda nyumbani kuna adabu zake. Majengo ina vyumba vingi vya kupanga, katika nyumba zile zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua wa pamoja nyuma. Kuta ni nyembamba na dari mara nyingi halipo, hivyo neno linalosemwa chumba cha kwanza huishia chumba cha mwisho. Mgeni anayeingia na faili kwapani ameshamaliza ziara yake, kwa kuwa ua mzima utajua kabla ya magharibi. Anayejua kazi humfuata mama sokoni, kwenye meza yake. Kwa mama wa Kigogo ataanza na "mbukwenyi" na kuulizia mvua ya huko nyumbani, kwa mwingine salamu za Kiswahili zinatosha, na akiwa ni bibi ndiye mlezi, shikamoo kwanza. Anaokota nyanya zilizopondeka, anazitenga pembeni ya sado, anapisha mteja. Mtoto hatajwi mpaka mama mwenyewe amtaje, naye humtaja, kwani anajua fika kilichomleta mwalimu.

Kuna siri isiyotunzwa, na kulisema hilo mapema ni sehemu ya uaminifu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa 2011 ulionyesha kuwa takribani wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mnasihi hodari humwambia mtoto kabla hajaanza kusimulia: mengi yatabaki hapa kwenye benchi, ila mtu akikuumiza nitawaambia wanaoweza kumzuia, na nitakueleza kabla sijawaambia. Baada ya hapo njia inajulikana: afisa ustawi, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, hospitali. Ipo pia namba 116, ambayo mtoto anaweza kuipiga bure bila kupitia kwa mwalimu.

Dodoma ina ugumu wake wa ziada. Hospitali ya Mirembe, ambayo imehudumia wagonjwa wa akili tangu 1927, imegeuzwa tusi la watoto uwanjani. Kumshawishi mzazi ampeleke huko binti asiyelala wala kula tangu msiba wa baba yake kunahitaji vikao kadhaa, na mara nyingine mwalimu huanzia zahanati ya karibu ili jina hilo lisitamkwe siku ya kwanza.

Tangu Novemba 2021 serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, kumeongezeka kazi ambayo hakuna waraka unaoweza kuimaliza: akalie dawati gani, nani aambiwe, atoke saa ngapi kumnyonyesha mwanawe bila darasa zima kugeuza shingo. Nani aambiwe? Wachache. Hili mnasihi huliamua mapema, kabla msichana hajavuka geti.

Walimu huhamishwa, na mwenye kuipenda kazi hii hujiandaa kwa barua hiyo hata kabla haijaja. Madaftari yake ni mafupi: tarehe, kilichosemwa na mtoto kwa maneno ya mtoto, kilichofanyika. Anayodhani mwenyewe huyaandika mbali, kwa penseli. Barua ikija, hamkabidhi mrithi wake madaftari peke yake. Humwita pale kwenye benchi wakati wa mapumziko, akamsogezea nafasi upande wa pili wa mtoto, wakazungumza mpira watu watatu, siku mbili tatu, ili mtoto asije akalazimika kuanza upya kueleza nani humwamsha asubuhi.