Beti Mia za Minase: Jinsi Renga Ilivyotungwa

Msomaji wa leo akitajiwa ushairi wa Kijapani, fikira zake hukimbilia kwenye haiku, shairi fupi la mizani kumi na saba ambalo limeenea duniani hata likawa karibu ndiyo sura pekee ya Japani katika fasihi ya ulimwengu. Lakini haiku kwa asili yake haikuwa shairi la kujitegemea. Ilikuwa ubeti wa kufungulia utungo mrefu uitwao renga, ambao watu kadhaa walikaa kitako wakautunga kwa zamu, kila mmoja akiunga ubeti wake na ubeti wa mwenziwe. Ulimwengu uliupokea ule ubeti wa mwanzo na kuuacha utungo wenyewe, nami naona kwamba kilichoachwa ndicho kilicho adimu zaidi. Maana mashairi mafupi yapo katika kila taifa, ilhali sanaa ya kutunga shairi ambalo maana ya kila ubeti hugeuka mara tu ubeti unaofuata uwekwapo, sijaiona ikifikishwa umbali huo penginepo.

Mfano ulio bora, ambao Wajapani wenyewe wameufanya kiigizo kwa wanafunzi wa fani hii, ni beti mia za Minase zilizotungwa mwaka 1488 na washairi watatu: Sōgi, mwalimu aliyekuwa amekwisha kupita umri wa miaka sitini, na wanafunzi wake wawili, Shōhaku na Sōchō. Utungo ule ulikuwa sadaka ya kumkumbuka Mfalme Go-Toba, ambaye alikuwa na kasri lake Minase, kati ya Kyoto na Osaka, akaamuru kukusanywa kwa diwani ya Shin Kokinshū, kisha akashindwa vitani mwaka 1221 na kupelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Oki, alikofia mwaka 1239. Nasaba za washairi hao hazikuwa moja. Shōhaku alitoka katika ukoo mtukufu, Sōchō alikuwa mwana wa mhunzi, na Sōgi mwenyewe hakuwa na asili ya kujivunia. Lakini vita vya Ōnin, vilivyoanza mwaka 1467 na kudumu miaka kumi, vilikuwa vimeteketeza sehemu kubwa ya Kyoto, na katika zama zile za vurugu mabwana wa majimbo walitaka sana kuwa na mafundi wa renga barazani kwao, hata ustadi wa kutunga ukamfikisha mtu mahali ambapo nasaba yake isingemfikisha.

Umbo la renga lilitokana na tanka, shairi la kale la mizani thelathini na moja, lenye mishororo ya mizani tano, saba, tano, saba na saba. Mizani hizo huhesabiwa kwa namna ambayo mshairi wa Kiswahili hataiona ngeni, kwani kama sisi tunavyoipa “m” ya “mtu” mizani yake, ndivyo wao wanavyoipa yao ile “n” inayofunga silabi, na irabu ndefu huipa mizani mbili. Katika renga tanka iligawanywa: mtunzi mmoja alitoa mishororo mitatu ya mwanzo, wa pili akatoa miwili ya mwisho, na wa tatu akatoa tena mitatu ya kuungana na ile miwili, wakaendelea hivyo hadi mia itimie. Vina havikutumika. Kwa hiyo kilichoufunga ubeti na ubeti hakikuwa mlio wa silabi za mwisho, bali maana yenyewe, na maana ni kiungo kigumu kukiamuru. Ndiyo sababu kanuni zikawa nyingi. Nijō Yoshimoto, mtu mkubwa wa dola aliyesimamia diwani ya kwanza ya renga katikati ya karne ya 14, alizipanga kanuni hizo mwaka 1372, na waliokuja baadaye wakaziongeza.

Beti mia ziliandikwa juu ya karatasi nne zilizokunjwa, mbele na nyuma: beti nane katika uso wa kwanza, kumi na nne katika kila uso wa zile sita za kati, na nane katika uso wa mwisho. Mwezi na maua vilikuwa na idadi yake na mahali pake pa kutajwa. Majira ya kuchipua au ya kupukutika kwa majani yakishaingia ilipasa yadumu kwa beti tatu kwa uchache na yasizidi tano, lakini kiangazi na kipupwe ubeti mmoja uliyatosha. Palikuwa na maneno ambayo katika beti zote mia yaliruhusiwa mara moja tu. Karani aliketi na wino wake, akausoma kwa sauti kila ubeti uliotolewa, akaupima kwa kanuni, na usiposalimika akaurudisha kwa mwenyewe mbele ya wote. Mtunzi hakuwa na faragha ya kufuta na kuandika tena. Alitunga akitazamwa, zamu yake ikimngoja.

Lakini kanuni iliyo roho ya sanaa yote ni moja: kila ubeti sharti uungane na ule uliotangulia, na sharti vilevile uachane na ule wa kabla yake. Na tutazame jinsi washairi wa Minase walivyoitii. Sōgi alifungua kwa theluji iliyosalia mlimani huku ukungu umetanda chini yake jioni, akidokeza shairi la Go-Toba mwenyewe juu ya jioni ya Minase. Shōhaku akajibu kwa maji yapitayo mbali na kijiji kinukiacho maua. Sōchō akaleta upepo wa mtoni na kichaka cha mierebi ambamo majira ya kuchipua yanaonekana. Hapo beti tatu za majira hayo zilikuwa zimetimia, na mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Sōgi akatoa ubeti wa nne, mlio wa mashua inayosukumwa kwa upondo ukisikika wazi alfajiri, nao haukutaja majira yoyote. Usomwe pamoja na ubeti wa mierebi, na alfajiri ile ni ya majira ya kuchipua, mashua inapita kando ya majani mapya na nuru ndiyo kwanza inayafunua. Kisha Shōhaku akaweka wa tano, mwezi ukisalia bado katika usiku uliotandwa na ukungu; na kwa kuwa katika mila ya ushairi huo mwezi ni wa majira ya kupukutika kwa majani, mashua ile ile, bila kubadilishwa hata herufi, ikawa inapita gizani katika majira mengine kabisa, na mlio wake ndio pekee unaomwambia msikilizaji kwamba kunakucha. Mierebi imetoweka. Sōchō akafuata na jalidi ya nyikani na majira yanayokwisha.

Huo ndio ufundi ninaoustaajabia kuliko wote. Sōgi, mkubwa wa kikao, aliutoa ubeti wake ukiwa wazi pande mbili ili mwanafunzi wake apate pa kuugeuzia, na hakuwa na amri juu ya maana ambayo ungepewa baada yake. Mashairi yetu ya kujibizana, kama yalivyositawi Mombasa zama za Muyaka bin Haji, humtaka mjibuji ashike hoja ile ile asiikimbie, na ushindi ni wa aliyeishika kwa nguvu zaidi. Renga humtaka aiache kwa adabu. Ndiyo maana renga haina kisa wala shujaa, na atakayeisoma akitafuta habari inayoanza na kuishia ataichoka kabla ya karatasi ya pili.

Matsuo Bashō, ambaye dunia inamjua kwa haiku, alikuwa katika karne ya 17 mwalimu wa renga nyepesi zaidi, aghalabu ya beti 36. Aliyekata kamba alikuwa Masaoka Shiki, ambaye katika miaka ya 1890 alisema kwamba ubeti wa kufungulia ni fasihi na mfululizo wake si fasihi, akausimamisha ubeti ule peke yake. Na huo ndio uliovuka bahari, ukamfikia Ezra Pound wa London, na José Juan Tablada wa Mexico aliyeuiga kwa Kihispania mwaka 1919. Hukumu ya Shiki naiona kali kupita kiasi, maana alipima kazi ya watu wengi kwa kipimo cha mtunzi mmoja mwenye hisia zake.

Mwaka 1969 Octavio Paz aliwakusanya mjini Paris Jacques Roubaud, Edoardo Sanguineti na Charles Tomlinson, wakatunga renga kwa lugha nne. Jaribio lile ni la heshima, ila waliteua soneti kuwa chombo chao, na soneti kwa tabia yake hutaka kujifunga na kutimia, ilhali ubeti wa renga hutaka kuachwa wazi. Ōoka Makoto na wenzake wa kundi la Kai huko Japani walifuata njia nyingine katika miaka ya 1970: waliziacha hesabu za mizani na orodha za maneno, wakabakiza kukaa pamoja na kutunga kwa zamu, na Ōoka baadaye akaketi hivyo na washairi wa nchi nyingine, Berlin ikiwemo, mfasiri akiwa pale pale mezani, maana asiyeuelewa ubeti wa mwenziwe hawezi kuugeuza.