Giza Si Kosa la Mtengenezaji

Siku hizi kila mshikaji mwenye vijisenti anataka sinema yake nyumbani. Ananunua projekta Kariakoo, anatundika shuka ukutani, anaita masela, halafu kesho yake kijiweni kawa mhakiki. Sina ugomvi na shuka. Ugomvi wangu ni na hukumu zinazotolewa mbele ya shuka hilo.

Hukumu mojawapo nimeisikia mara nyingi kuhusu Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi: "Picha ina giza mno, huoni kitu." Basi, imetoka hiyo. Mtengenezaji kachemsha.

Jamani, tuhukumu kwa haki. Projekta haina uwezo wa kurusha weusi. Inarusha mwanga tu. Weusi unaouona ni pale ambapo mwanga haukufika, yaani ni ukuta wako mwenyewe ukiwa gizani. Ukiacha taa ya sebuleni inawaka, au dirisha halina pazia zito, weusi wote wa filamu unageuka kijivu, na kila kilichojificha humo kinafutika.

Halafu kuna tamaa ya ukubwa. Mtu anataka picha ijae ukuta mzima. Lakini mwanga ni ule ule: ukiongeza upana na urefu wa picha mara mbili, eneo linakuwa mara nne, na kila sehemu inabakiwa na robo ya mwanga. Soma kile kitabu cha maelezo. Kikisema uwiano ni 1.5, picha yenye upana wa mita 2 inataka projekta ikae mita 3 kutoka ukutani. Ikae katikati, siyo kwenye stuli pembeni halafu unyooshe picha kwa kitufe. Itanyooka kweli, ila kwa kupoteza baadhi ya nukta zake. Na boksi likisema 1080p, uliza: ndicho inachopokea au ndicho inachoonyesha? Zipo zinazopokea 1080p na kuonyesha nukta 800 kwa 480 tu. Shuka jepesi nalo linavujisha mwanga kwa nyuma. Ukuta laini wenye rangi nyeupe isiyong'aa unalishinda.

Yote haya yanahusu nini uhakiki? Yanahusu sana. Hadithi yenyewe ni ya Zanzibar ya miaka ya 1950. Denge na wenzake wanaupinga ukoloni kwa siri. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, kamkimbia mume. Kwa watu kama hawa, giza ni maficho. Ukiliosha giza hilo kwa taa ya sebuleni, umewatoa mafichoni, halafu unalalamika huwaoni!

Sisi tunaoandika tuna bahati. Mwandishi akisema ni usiku, msomaji anazima taa mwenyewe kichwani. Mtengenezaji filamu hana bahati hiyo. Anategemea chumba cha mtu asiyemjua. Enzi za Empire na Avalon hapa Dar, kuzima taa ilikuwa kazi ya mwenye sinema. Sasa kazi hiyo ni ya kwetu.

Sisemi filamu haina kasoro. Riwaya inampa Yasmin nafasi ya kubadilika polepole, na kila mlango unaofungwa usoni pake unamfunza kitu. Filamu inakimbilia mapenzi, na mimi niliona pengo pale: kukomaa kwake kunatujia kama habari, si kama safari. Kasoro hiyo utaiona hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Hiyo ndiyo ya kubishania kijiweni, maana imo ndani ya kazi yenyewe.

Watengenezaji filamu wetu ni wachache, na neno la kijiweni linasambaa haraka kuliko filamu yenyewe. Kwa hiyo, mshikaji, kabla hujamchinja mtu, funga pazia, punguza picha, zima taa. Halafu angalia upya. Ukiona bado ni mbovu, andika, tena andika bila huruma.