Theolojia ya Uamsho na Urithishaji wa Uongozi: Tathmini kutoka Mbarara na Nakivale

Makala haya yanatathmini mafundisho ya Uamsho wa Afrika Mashariki kwa kipimo kimoja: yanamwandaa vipi mrithi kabla kiongozi hajaondoka? Swali hili lina uzito wa pekee Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro, jirani na Mbarara. Huko waumini huweza kumpoteza mchungaji wao akiwa hai na mwenye nguvu, kwa kuwa amepewa makazi katika nchi ya tatu.

Chimbuko la Uamsho huhusishwa na mkutano wa Simeoni Nsibambi na daktari mmishenari Joe Church huko Namirembe mwaka 1929. Kutoka Gahini, Rwanda, ulienea hadi Kigezi, Ankole na mbali zaidi. Mihimili ya theolojia yake ni msalaba, ungamo la hadharani na kutembea nuruni. Miongoni mwa Balokole, yaani waliookoka, askofu na mkulima waliitana ndugu. Nsibambi mwenyewe hakuwa kasisi. Wanafunzi 26, akiwamo William Nagenda, walipofukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono mwaka 1941, Uamsho haukuzimika, kwa kuwa mamlaka yake hayakutegemea cheo.

Hata hivyo, nguvu hiyo ilibeba udhaifu wake. Pasipo cheo, hapakuwa na utaratibu wa kuamua ndugu wanapotofautiana. Mgogoro wa Bazukufu, kundi lililodai kuamka upya katika miongo ya 1960 na 1970, ulidhihirisha jambo hilo: kila upande uliweza kudai nuru, na hakukuwa na chombo kilichokubaliwa na wote cha kuwapatanisha. Asiyeungama kwa namna iliyozoeleka alihesabiwa kuwa amepoa. Ungamo, lililokusudiwa kuwashusha wote mbele ya msalaba, likawa mizani ya kumpandisha mmoja na kumshusha mwingine.

Festo Kivengere, askofu wa Kigezi tangu mwaka 1972, aliunganisha ushuhuda wa Balokole na kiti cha uaskofu. Baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 1977, Kivengere alivuka mpaka kuingia Rwanda, naye akawa mkimbizi. Dayosisi haikuondoka naye: ilikuwa na makasisi, sinodi na kumbukumbu zake. Alipofariki mwaka 1988, mrithi wake alipatikana kwa utaratibu wa kanisa. Kwa maoni yetu, hapa ndipo Uamsho ulipokomaa: ushuhuda ulipata chombo cha kuuhifadhi.

Lipo pia suala la kile kilichoungamwa. Wizi, ulevi na uzinzi vilikemewa kwa ukali. Chuki ya kikabila haikukemewa kwa ukali uleule. Wapo ndugu waliokataa kutengana na wakafa kwa msimamo huo, lakini mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalitokea katika nchi ileile yenye Gahini. Nakivale, wanakoishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengineo, funzo hili haliwezi kuahirishwa. Kanisa linalomchagua mrithi kwa kabila au ukoo wa mwanzilishi hurithisha pia jeraha lake.

Mwaka 2018 Rwanda ilipitisha sheria inayowataka viongozi wa kisheria wa taasisi za dini wawe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo ya dini. Uganda nayo imekuwa ikijadili sera ya kusimamia taasisi hizo. Shahada hupima elimu ya mtu mmoja. Haisemi nani atashika daftari, ufunguo na mimbari mtu huyo akishaondoka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kundi nalo hupotea vivyo hivyo.

Tunapendekeza kwamba Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia makazi hayo, na makanisa yenye makao Mbarara wayasaidie makanisa ya wakimbizi katika mambo matatu: baraza la wazee kutoka zaidi ya lugha moja, mali iliyoandikwa kwa jina la kanisa, na msaidizi anayetambuliwa na waumini mapema. Hayo hayapingani na theolojia ya nuru. Kiongozi anayekubali kuhesabiwa hadharani, na kumtaja atakayekuja baada yake, ametembea nuruni kwa kiwango ambacho ushuhuda wa mdomo pekee haukifikii.