Kupima Debyu ya Kimataifa ya Kundi la K-pop

Debyu ya kimataifa ya kundi la Korea haipimwi kwa chati. Jambo hili lilipaswa kuwa wazi tangu Oktoba 2019, kundi la SuperM lilipoingia namba moja kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, kwa uniti 168,000, na 164,000 kati ya hizo zikawa mauzo ya albamu, nyingi zimefungashwa pamoja na tiketi za maonyesho na fulana. Waliokuwa wakizisikiliza nyimbo zenyewe mtandaoni walikuwa wachache mno. Hata hivyo, kila kundi jipya linapovuka bahari, sifa humiminwa kabla wimbo haujafika kiitikio cha pili, na kazi ya kulipua huitwa historia.

Kwanza hukaguliwa wimbo. Lazima uwe na daraja, kipande kinachobadilisha mkondo kabla ya kiitikio cha mwisho. Wimbo wa dakika mbili na nusu usio na daraja ni tangazo la biashara. Rapa asifungue. Waimbaji wa noti za juu wawe angalau wawili, na mistari isikatwekatwe vipande vya maneno manne manne kama mgawo wa sukari. Prodyuza wa Kimarekani si dhamana: Teddy Riley aliitengeneza “The Boys” ya Girls’ Generation mwaka 2011, na Januari 2012 wimbo huo ukafika kwenye kipindi cha televisheni cha David Letterman, lakini sauti tisa zinazotofautiana zilibanwa humo hadi zikakaribia kuwa moja.

Baada ya wimbo hutazamwa pumzi, na hapa ndipo shabiki mchanga hupotea kila mara. Yeye humkodolea macho anayeimba. Mjuzi humtazama atakayeimba mstari unaofuata. Koreografa anayeijua kazi humpunguzia huyo hatua mapigo mawili matatu kabla ya zamu yake: humrudisha safu ya nyuma, humpa mkono badala ya mguu, au humgeuza taratibu huku wenzake wakiruka, ili kifua kipate hewa. Akifika katikati ya jukwaa, sauti imeshakaa tayari. Dansi ya namna hiyo hutungwa na mtu aliyekaa na waimbaji, akajua nani huishiwa pumzi mapema na nani anaweza kuruka na bado akaimba. Katika kazi mbovu wote huruka sawasawa hadi pigo la mwisho, kisha mmoja hufungua kinywa na noti ya juu ikatoka imenyooka, safi, bila hata chembe ya mhemo. Sauti hiyo haikutoka kifuani. Imetoka kwenye AR, yaani rekodi yenye ala pamoja na sauti za waimbaji.

Maiki huthibitisha. Ya mkononi ikisogezwa mbali na mdomo, sauti ififie. Isipofifia, hakuna cha kujadili. Ya kichwani huficha mengi, ndiyo maana wavivu huipenda.

Wadanganyifu nao si wajinga. Zipo AR zinazorekodiwa makusudi zikiwa na mihemo ndani yake, ili msikilizaji aamini kuwa mtu anaimba papo hapo. Hunaswa kwa kulinganisha vipindi vya muziki vya televisheni, M Countdown ya Alhamisi na Inkigayo ya Jumapili: mhemo uleule, mahali palepale, kwa urefu uleule. Hakuna binadamu anayetweta kwa kipimo. Video za kuondoa MR, yaani rekodi ya ala tupu, ambazo wagomvi huzishika kama msahafu, hazifai kuwa ushahidi, kwa sababu kinachobaki baada ya ala kuondolewa hutegemea mitambo ya televisheni na mkono wa aliyehariri.

Mabingwa wa kuimba bila hila walikuwapo. Tarehe 26 Desemba 2003, katika onyesho la BoA na Britney Spears, vijana watano wa kundi la Tohoshinki waliimba “Hug”, kisha wimbo wa Krismasi bila ala yoyote, mahali ambapo hakuna pa kujificha. Walipoingia Japani mwaka 2005 walianza chini kabisa, wakaimba kwa Kijapani, na singo yao haikushika namba moja ya Oricon, chati ya Japani, hadi Januari 2008. Julai 2009 wakatumbuiza Tokyo Dome. Mwaka huohuo wa 2009 kundi la Wonder Girls liliwafungulia jukwaa Jonas Brothers, mji hadi mji, mbele ya watoto waliokuja kuwaona wengine, hadi “Nobody” ikafika namba 76 kwenye Hot 100, chati ya nyimbo ya Billboard. Namba 76 hiyo ilitolewa jasho kuliko namba moja nyingi za leo, ambapo kundi hushuka kwenye ndege na kukuta ukumbi umekwisha kujazwa na mashabiki wake, wala hakuna wa kumshawishi.

Kwa kuwa jasho ndilo kipimo, onyesho la kwanza la televisheni lisitumike kutoa hukumu. Mara nyingi huwa limerekodiwa mapema na kusafishwa. Linalofaa ni la katikati ya ziara, miili ikiwa imechoka, tena kwenye fankemu, yaani video ya shabiki, iliyopigwa kutoka ubavuni mwa jukwaa, ambako safu ya nyuma huonekana yote.